Boneti ya kaboni inanata

SWALI: Sisi mafundi wa boti za faiba, Mkokotoni, Unguja. Tunajenga gari moja la kasi, bodi ya nyuzi za kaboni. Boneti ya majaribio imetoka na vitundu, na juu inanata. Tumekosea wapi?

JIBU: Huenda mmeleta mazoea ya boti. Rezini ya poliesta, gundi ya faiba ya boti, ukiiongeza kidogo dawa ya kugandisha, inawahi kukauka. Epoksi, rezini ya kaboni, haitaki hivyo: hadina, yaani dawa yake ya kugandisha, ni sehemu ya kazi yenyewe, ikizidi inabaki haina wa kuungana naye, na bodi inakuwa laini daima. Pimeni kwa mizani, si kwa kikombe. Kopo likisema 100 kwa 30 kwa uzito, gramu 300 za rezini zinataka 90 za hadina. Changanyeni kidogo kidogo. Ndoo nzima kwa joto la Unguja huchemka mkononi.

Ikiwa vipimo vilikuwa sawa, basi kunata huko ni utando unaoota juu ya epoksi penye unyevu. Osheni kwa maji ya vuguvugu, kausheni, ndipo msasa. Asubuhi ya masika msiguse kazi hii.

Vitundu ni hewa, na brashi haiitoi. Funikeni kwa nailoni, mvute hewa kwa pampu ya vakyumu.

Bawaba za alumini zisigusane na kaboni; kwa chumvi ya pwani zitaliwa. Wekeni tabaka la faiba katikati.

Na joto la injini? McLaren F1, gari la kasi la barabarani lililotoka magari 106 tu, lilitandikwa dhahabu kuzunguka injini. Nyinyi karatasi ya alumini inatosha, nayo juu ya tabaka la faiba.