Barabara ya mtaa: maswali ya wakazi kabla ya mvua

Tuko kaya 20 Shangani, Mtwara. Kila mwaka tunachanga na kumwaga kifusi, mvua ikija kinaondoka chote. Tunakosea wapi?

Maji hayana pa kwenda, ndiyo maana yanapita barabarani. Barabara ya upana wa mita 4 inatakiwa iwe na mgongo: katikati pawe juu ya kingo kwa sentimita 10 hivi. Vuteni kamba kutoka katikati hadi ukingoni, muinyooshe kwa pima maji, kisha mpime nafasi iliyobaki chini yake pale ukingoni. Ikiwa ni sentimita 2 au 3 tu, msimwage kitu bado. Chimbueni uso wa zamani kwa sururu au greda, mchonge mgongo, ndipo kifusi kije. Kikitandazwa juu ya uso mkavu na mgumu hakishikani nao. Hubanduka kama ganda.

Halafu mitaro. Tunaona kosa moja mtaa baada ya mtaa: udongo unaotolewa mtaroni unarundikwa ukingoni mwa barabara. Huo ni ukuta, maji hayawezi kuingia mtaroni tena. Upelekeni mbali siku hiyohiyo.

Mita 100 zinahitaji tipa ngapi?

Mita 100 kwa upana wa 4 na unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 60 zikishashindiliwa. Kifusi kilicholegea hupungua, kwa hiyo zidisheni kwa 1.3 mpate 78. Kwa tipa la mita za ujazo 7, ni safari 12. Pimeni bodi wenyewe, urefu mara upana mara kina. Msikubali hesabu ya mdomo.

Mchanga wa hapahapa hautoshi?

Hautoshi. Hauna mfinyanzi wa kuushika, na kiangazi barabara itafanya mawimbi. Kifusi kiwe moramu, yaani udongo wa changarawe wenye mfinyanzi. Ilowesheni kidogo, muifinye kwenye ngumi. Mkono ukifunguliwa, donge libaki zima na kiganja kisilowe. Likimomonyoka ilhali lina unyevu, mfinyanzi ni kidogo; likinata vidoleni kama ugali mbichi, umezidi, na barabara itateleza. Unyevu huohuo wa donge zima ndio wa kushindilia.

Tuanze lini?

Kwetu kusini mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba mwishoni au Desemba hadi Aprili au Mei. Mitaro na makalavati yazibuliwe Oktoba. Kuchonga kunafaa zaidi mvua zinapoisha, udongo ukiwa bado na unyevu. Mtaokoa gharama ya boza la maji. Michango iombeni minada ya korosho ikishaanza, wengi wanakuwa na fedha.

Asiyechangia tumfungie njia? Na matuta tujiwekee?

Yote mawili hapana. Mchango wa hiari unadaiwa kwa mazungumzo mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mkiwa na daftari la mapato na risiti mkononi. Kuhusu matuta, na hata kabla ya kuita greda, pelekeni barua TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) kupitia ofisi ya mtaa.