Ngozi inatoka kama chokaa

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimezoea akriliki, sasa najifunza rangi za mafuta kwa kunakili Msichana Mwenye Hereni ya Lulu, picha ya mchoraji Mholanzi Vermeer. Uso unatoka mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Nikosoe. – Msomaji, Tanga

Jibu: Marahaba. Umekimbilia nyeupe mapema mno. Weka rangi zote kando, uchore uso mzima kwa kahawia pekee iliyozimuliwa kwa tapentaini: wapi mwanga, wapi kivuli. Vermeer naye, mnamo 1665, alianza kwa matabaka ya kahawia na nyeusi. Tabaka lako la kahawia likikauka, ndipo ulete ngozi: manjano ya udongo, nyekundu kidogo, na nyeupe ibaki kwa paji la uso na ncha ya pua. Kila tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo picha itapasuka.

Lulu yenyewe wanafunzi wengi huizungushia mstari. Itazame vizuri: haina hata kikulabu. Ni doa nene la mwanga juu, na chini mwako hafifu unaoakisiwa kutoka kwenye ukosi wa nguo yake. Basi.

Ile nyeusi ya nyuma usiiamini. Uchunguzi wa mwaka 2018 ulionyesha kulikuwa na pazia la kijani, likafifia. Mimi ningelirudisha.

Na matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike ndani. Huweza kujiwasha moto. Yatandaze nje yakauke.