Mishale miwili kwenye mchoro si mapambo

Mchoro wangu una daiodi mbili, zote zina mishale miwili. Nitajuaje ipi ni LED na ipi ni fotodaiodi?

Swali hili limerudi tena, na jibu ni lile lile: tazama vichwa vya mishale. Vikielekea nje, kifaa kinatoa mwanga. Hiyo ni LED. Vikielekea ndani, kinapokea. Wengi wakishaona mishale hukimbilia kulehemu bila kusoma inaelekea wapi. Halafu fotodaiodi ya kupima mwanga kwa kawaida huungwa kinyume, kathodi, yaani mguu wake wa hasi, upande wa chanya. Ukiiunga kama LED itapitisha mkondo mwangani na gizani vilevile, na bila rezista itaungua.

LDR ina chanya na hasi?

Haina. Ni rezista tu, ambayo ukinzani wake hushuka mwangani.

Fototransista yangu ina miguu miwili tu. Beizi iko wapi?

Beizi ni mguu wa kuiamuru transista; hapa mwanga ndio unaofanya kazi yake.

Taa yangu ya LDR inawaka mchana na kuzimika usiku. Kosa liko wapi?

LDR na rezista zimekaa mahali pasipo pao. Chukua betri ya volti 9, rezista ya kiloomu 10 juu, LDR chini upande wa hasi. Kabla hujaunga beizi ya transista, pima volti katikati, pale rezista na LDR zinapokutana. Gizani LDR ikifika megaomu 1 utapata karibu volti 8.9, mwanga mkali ukiishusha hadi omu 500, utapata kama 0.43. Kwa transista ya NPN, ile inayowasha volti ya beizi ikipanda, huo ndio mpangilio wa kuwasha gizani. Wewe umeugeuza. Mita ingekuonyesha hilo mapema, basi pimeni kabla ya kuniandikia.

Jioni taa yangu huwaka na kuzimika mfululizo. Nibadilishe LDR?

Usibadilishe, ni nzima. Taa ikiwaka inaimulika LDR, LDR inadhani kumekucha, taa inazimwa. Ikinge LDR isione taa yake. Ukitumia komparata, kifaa cha kulinganisha volti mbili, unga rezista kubwa kutoka kwenye tokeo hadi kwenye ingizo la chanya, ili kiwango cha kuwasha kiachane na cha kuzima. Kama kuna relei, yaani swichi inayovutwa na koili, weka daiodi sambamba na koili, kathodi ikitazama chanya, la sivyo transista itakufa. Na ikiwa relei hiyo inawasha taa ya umeme wa ukutani, kata umeme kwenye swichi kuu kabla ya kugusa chochote. Kuzima swichi ya taa hakutoshi.