Hiyo regyuleta ya Msimbati usiende nayo kwenye ziwa la baridi

Iache nyumbani. Jaza begi vitu vingine, beba hata korosho za kumpelekea mwenyeji wako, lakini hiyo regyuleta, kifaa unachovutia hewa ya mtungi chini ya maji, iache Mikindani.

Mkuu, unasema mgeni uliyekuwa unamzamisha Msimbati amekualika Austria mwezi wa tisa mkazamie ziwa la Attersee. Unauliza vifaa vyako vya huku vitafaa au la, risasi za mkanda wa kuzamia upunguze kiasi gani, cheti chako kitakubalika, na huko chini kuna nini cha kutazama. Mdau mmoja hapo juu kakujibu: "Beba vyako, kukodi kule ni ghali. Ziwa ni maji yaliyotulia, kama mkondo wa mdomo wa Ruvuma unauweza, ziwa litakushinda nini?" Watu wanampongeza. Maneno hayo hayo niliambiwa na mimi kabla sijaenda ziwa hilo hilo, na aliyeniambia alikuwa na cheti kikubwa kuliko changu. Yalinigharimu mashine ya boti, na yangeweza kugharimu watu wawili. Sitakaa kimya nikiona mwingine anapelekwa kule kule.

Mkondo unaujua, sibishi. Ukizidiwa na mkondo unajishikiza, unajiachia, au unatoa boya boti ikufuate. Ziwani hakuna wa kupambana naye. Kinachokuangusha ni chuma kilichofungwa nyuma ya kichwa chako, usichokiona.

Kwanza uelewe maji yenyewe. Kwetu bahari inacheza kati ya nyuzi 25 wakati wa kusi na 29 au 30 kaskazi ikitulia, na ukishuka mita 25 tofauti unayoisikia ni ndogo. Attersee mwezi wa nane au wa tisa juu utakuta nyuzi 20 hivi, watoto wanaoga. Utaingia na wetsuti yako, suti ya mpira ya kuzamia, ya milimita 5 uone watu walikutisha bure. Mita 8, mita 10, bado unaona sawa. Halafu unavuka mstari. Ndani ya mita chache tu maji yanaanguka mpaka nyuzi 10, ukiendelea kushuka ni 7, 6, 5. Maji yasiyo na chumvi yanakuwa mazito kuliko wakati wowote yakifika nyuzi 4, kwa hiyo yale ya baridi yanalala chini na yale yenye joto yanakaa juu yake, na jua lote la kiangazi haliyafikii ya chini. Ziwa lile lina kina cha karibu mita 170, na kule chini ni nyuzi 4 au 5 mwaka mzima. Usilipime kwa Ziwa Nyasa. Nyasa ina kina cha mita 700, na hata sakafuni kwake ni nyuzi 22 hivi. Aliyezamia Mbamba Bay hajaonja baridi ninayoizungumzia.

Sasa njoo kwenye regyuleta. Mtungi umejazwa hewa ya ba 200 (ba ni kipimo cha shinikizo). Kichwa cha regyuleta, kile kinachofungwa kwenye valvu ya mtungi, kinaishusha hewa hiyo mpaka karibu ba 10 juu ya shinikizo la maji yaliyokuzunguka, ndipo iende mdomoni. Hewa iliyobanwa ikifunguka ghafla inapoa sana. Bonyeza valvu ya tairi ya pikipiki hewa itoke kwa nguvu, uweke kidole, utasikia. Msimbati maji ya nyuzi 27 yanakipasha moto kile chuma kila sekunde, kwa hiyo hujawahi kuona tatizo na hutaliona. Kwenye nyuzi 5 maji hayana joto la kukigawia. Chuma kinashuka chini ya sifuri, na maji yanayokigusa yanaganda. Maji ya bahari huganda karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri, ya ziwa yanaganda kwenye sifuri yenyewe, kwa hiyo hata ile nafasi ndogo ya chumvi huna. Barafu ikiikamata springi wakati valvu ya ndani iko wazi, imeganda ikiwa wazi. Hewa inamwagika na huwezi kuizima. Na kadiri inavyomwagika ndivyo chuma kinavyozidi kupoa, kwa hiyo usitegemee itaacha yenyewe. Mtungi wa lita 12 wenye ba 200 una lita 2,400 za hewa. Juu ya maji ungekaa nao zaidi ya saa. Ukimwagika hivyo chini, ni dakika chache.

Mimi ilinikuta kama mita 25. Tulikuwa tumeteremka kando ya mwamba, nimeanza kuzama kupita nilivyotaka, nikabonyeza jaketi la kuelea lijae hewa huku navuta pumzi kubwa kubwa kwa sababu ya baridi. Kuvuta hewa kwa nguvu na kujaza jaketi kwa pamoja, vyote kutoka kichwa kimoja, ndiyo namna ya haraka kuliko zote ya kukigandisha. Hewa ikalipuka mdomoni. Povu tupu, simuoni mwenzangu, siioni geji. Nikafanya nilichofundishwa: nikatupa ile ya mdomoni, nikachukua ya akiba.

Nayo inamwagika.

Hapa ndipo nataka usome polepole. Regyuleta ya akiba uliyonayo wewe, niliyokuwa nayo mimi, tuliyo nayo karibu wote huku kusini, imetoka kwenye kichwa kile kile. Mipira miwili, chuma kimoja. Bahari yetu hiyo inatosha, kwa sababu kinachoharibika huwa ni kipande cha mdomoni au mwenzako ameishiwa hewa. Kwenye ziwa la baridi kinachoganda ni kichwa, na kichwa kikiganda umepoteza vyote viwili kwa mpigo. Huna akiba. Una mapambo ya njano shingoni.

Mwenzangu akanifikia, Mungu ambariki, akanipa ya kwake ya akiba. Naye alikuwa na kichwa kimoja kama mimi, maana siku hiyo tulivaa vifaa vya aina moja, tulivyoshauriwa na mtu mmoja. Sasa watu wawili walioshtuka wanavuta hewa kutoka chuma kimoja, kwenye nyuzi 6. Hata dakika haikuisha, cha kwake nacho kikaachia. Tulipanda. Mwendo salama ni mita 9 au 10 kwa dakika, na sisi hatukupanda kwa mwendo huo, wala hatukusimama mita 5. Tulifika juu tukiwa hai. Jioni ugonjwa wa kupanda haraka ukatupata: bega na kiwiko vikaanza kuuma kwa ndani, kisha ganzi vidoleni. Oksijeni, gari la wagonjwa, chemba ya mgandamizo. Wale madaktari walinitunza vizuri na sina neno nao. Lakini bima yangu ya safari ilikuwa haigusi uzamiaji, na bili ilinifuata mpaka Mtwara. Mashine ya boti ikauzwa, msimu mzima nikawa napeleka wageni Ghuba ya Mnazi kwa boti ya kukodi, faida yote inakwenda kwa mwenye boti.

Aliyenishauri simtaji. Lakini nina hasira naye mpaka leo na sioni sababu ya kuificha. Ndiye aliyeniuzia ile regyuleta, ndiye aliyekuwa anaifanyia matengenezo, na nilimuuliza wazi wazi, mbele ya watu: hii itahimili maji ya baridi? Akanijibu, "Regyuleta ni regyuleta." Kumbe ubavuni imechorwa alama. Kiwango cha Ulaya cha EN 250 kinataka regyuleta ambayo haikufaulu kipimo cha maji ya baridi iandikwe >10°C, maana yake isitumike kwenye maji ya chini ya nyuzi 10. Alama hiyo ilikuwepo siku aliyonikabidhi. Mtu anayeishika regyuleta hiyo mikononi kila mwaka, anaifungua, anaifunga, anapokea hela, hana udhuru wa kutokuijua. Na wewe mdau uliyesema abebe vyake, umewahi kushuka maji ya nyuzi 5? Kama hujawahi, futa lile jibu, kwa sababu mtoto wa watu analisoma na ana tarehe ya safari.

Kwa hiyo mdogo wangu, shika hili, mengine yote utajifunza huko huko: vichwa viwili, valvu mbili. Wazamiaji wa maziwa ya Austria na Ujerumani wameshalizoea. Mitungi yao mingi ina valvu mbili zinazofungwa kila moja peke yake, na kila valvu ina kichwa chake cha regyuleta, vyote viwili vya maji ya baridi. Kimoja kikiganda, unahamia kingine, mwenzako anaifunga valvu ya kile kilichoganda, mmwagiko unakoma, mnapanda taratibu kama watu. Mpira wa jaketi usitoke kwenye kichwa kile unachovutia pumzi, utoke kwenye cha pili. Na kabla hujavuka ule mstari wa baridi, fanyeni mazoezi mita 5: yeye afunge valvu yako, wewe ubadilishe mdomo, mpaka mkono wako uijue njia ukiwa ndani ya glavu nene. Mikono ikipata ganzi haikumbuki kitu ambacho haijakizoea.

Kama huna vichwa viwili na valvu mbili, hushuki chini ya nyuzi 10. Baki mita 6 na wanaooga, utazame samaki. Usikubali "tushuke kidogo tu." Usikubali "tunawahi kupanda." Usikubali hata kama mwenyeji wako ndiye anayesema na ndiye aliyekulipia tiketi. Kukodi seti yao ni hela, najua, lakini mimi nimelipa bei ya kutokukodi na hailingani.

Risasi: maji ya ziwa yanakubeba kidogo kuliko ya bahari, tofauti kama asilimia 2.5. Ukiwa na vifaa vyote una kilo 100, unapunguza kilo 2 na nusu hivi. Lakini wetsuti ya milimita 7 yenye kofia, au draisuti, ile isiyoingiza maji, itakudai risasi zaidi, kwa hiyo hesabu ya huku haikusaidii. Jipime pale pale kando ya maji, mtungi ukiwa unakaribia kuisha. Ziwa liko mita 469 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kompyuta yako ya kuzamia ya mkononi iweke kwenye maji yasiyo na chumvi na hakikisha inahesabu mwinuko, na ukitumia majedwali ya kuzamia tumia ya mwinuko, kwa sababu umeshapita mita 300.

Mwandikie mwenyeji wako leo, kabla ya visa, kabla ya tiketi. Muulize mitungi yake ina valvu ngapi na vichwa anavyokodisha vina alama gani. Halafu geuza hiyo regyuleta yako, usome maandishi ya ubavuni, piga picha uiweke hapa kwenye uzi tuione.