Mume kaacha pombe ya nipa ghafla sa hivi anatetemeka, ni jini?

SWALI: Asalaam alaykum shehe. Niko Newala. Mume wangu kanywa uraka na nipa (pombe za mabibo ya korosho) miaka mingi, juzi katubu akaacha siku hiyo hiyo. Toka jana anatetemeka, jasho linamtoka, halali, usiku anaongea na watu ambao hawapo. Wifi anasema ni jini, shemeji anasema tumpe nipa kidogo atulie. Inafaa? Na swala zake je?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah dada yangu. Kabla hujamaliza kusoma tafuteni gari au bajaji (sio bodaboda, ataanguka) mpelekeni hospitali ya wilaya, mengine utasoma huko huko.

Pombe inapoza ubongo, sasa wa mnywaji wa miaka unazoea kujisukuma kwa nguvu ili mtu awe macho, ukiikata ghafla ile nguvu inabaki haina wa kuizuia. Ndo mana kutetemeka kunaanza masaa 6 mpaka 24 baada ya glasi ya mwisho, kukakamaa kama kifafa mara nyingi ndani ya siku 2, na kuchanganyikiwa kwa kuona watu siku ya 2 mpaka ya 4 hivi, hapo ikija na homa na moyo kwenda mbio mtu anakufa. Watu wanaogopa arosto ya unga (mateso ya kukosa heroini), nayo ni mateso kweli, maumivu, kutapika, kuhara, lakini yenyewe ni nadra kuua, wakati hii ya pombe inaua na tunaichukulia poa.

Majini yapo, Qur'an imesema, sibishani na wifi. Ila dalili hizi zina ugonjwa wake, na Mtume (s.a.w.) kasema Allah hakuteremsha ugonjwa ila kateremsha na dawa yake. Ruqya (kisomo cha Qur'an cha kumkinga) msomeeni ndani ya gari.

Nipa ya shemeji hapana. Swahaba Tariq bin Suwayd alimuuliza Mtume kuhusu pombe kwa ajili ya dawa akajibiwa sio dawa, ni ugonjwa, iko kwenye kitabu cha hadithi cha Muslim. Najua atasema mbona vitabu vyetu vya Kishafii vinamruhusu aliyekabwa na tonge aisukume kwa pombe, sawa, lakini ni pale asipopata kitu kingine, na nyie hospitali ipo. Huko atapewa diazepam, vitamini B1 na maji ya dripu, na dawa ya kutuliza kwa kipimo cha daktari sio dhambi hata akisinzia. Msijinunulie wenyewe duka la dawa tu.

Swala: akili ikiwepo anaswali hata kwa kukaa au kulala na mikono inatetemeka. Ikipotea kwa maradhi kalamu imeinuliwa, yaani haandikiwi dhambi, mpaka irudi. Zile alizoacha kwa ulevi ni deni, atazilipa pole pole akishapona, wiki hii msimdai.

Wallahu aalam.