Maswali ya Wasomaji: Msaidizi Asiyejua Doti

Swali: Ninauza khanga na vitenge Kariakoo, na siku hizi maagizo mengi yanaingia kwa WhatsApp, mengine usiku wa manane. Mwanangu alinitengenezea kwenye simu msaidizi wa akili unde (AI) wa kuniandalia majibu na orodha ya mizigo ya kupeleka, lakini makosa yake yananitia hasara. Mteja aliyeagiza doti tatu aliandikiwa vipande vitatu, na aliyetaka mzigo wake saa nane mchana alipelekewa saa mbili asubuhi, bodaboda akakuta mlango umefungwa. Je, nilipie programu ya bei kubwa zaidi? – *Mfanyabiashara, Kariakoo*

Jibu: Dada yangu, usilipe kwanza. Msaidizi wa namna hii si akili mpya iliyofundishwa biashara yako, bali ni programu ileile inayotumiwa na watu wote, iliyoongezewa maelekezo ya kudumu na nyaraka zako, ambayo huyasoma maelekezo hayo kila unapofungua mazungumzo mapya. Kwa hiyo jambo ambalo halikuandikwa humo atalijaza kwa mazoea aliyoyapata kwingine, na sehemu kubwa ya maandishi aliyofunzwa nayo ni ya Kiingereza, ambako saa nane ni saa yetu ya mbili.

Kampuni ya OpenAI, yenye programu ya ChatGPT, ilitangaza huduma ya kujitengenezea wasaidizi hawa tarehe 6 Novemba 2023, ikaacha kazi ya kuwatengeneza kwa wanaolipia, ilhali Google, ambayo wa kwake huwaita Gems na huwatengenezea ndani ya programu yake ya Gemini, iliwafungulia hata wasiolipa mwezi Machi 2025. Pa kuanzia bila gharama papo.

Ukishaingia, mwandikie kama unavyomwelekeza kijana mgeni siku ya kwanza dukani, kijana msikivu lakini ambaye hajawahi kukanyaga Mtaa wa Kongo. Kwa duka lako ningeanza hivi:

*«Doti moja ya khanga ni pande mbili zilizoungana, tunahesabu kwa doti, si kwa vipande. Mteja akiuliza “jina”, anamaanisha maneno yaliyoandikwa kwenye khanga, si jina la mtu. Saa zote wanazotaja wateja ni za Kiswahili: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa nane mchana ni 14:00. Bei isiyokuwemo kwenye orodha niliyokupa usiikisie, andika “niulize”.»*

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu programu hizi hupendelea kujibu kuliko kunyamaza, na bei ya kubuni ikishamfikia mteja utalazimika ama kuitimiza ama kugombana. Baada ya hapo chukua jumbe kumi za zamani ambazo majibu yake unayajua, umpe moja baada ya nyingine, na kila akikosea uongeze sentensi moja ya kuziba kosa hilo. Nami yalinikuta: nilipojitengenezea msaidizi wa kunisaidia kujibu barua za wasomaji, nilimwandikia tu «jibu kwa heshima», naye akaanza kumwamkia kila mtu shikamoo, hata mwanafunzi wa darasa la sita. Neno «heshima» lilikuwa wazi kwangu, kwake halikuwa na mipaka.

Hata akishanyooka, soma jibu kabla hujalituma, na orodha ya bei uibadilishe siku ileile mzigo mpya unapoingia.

Swali: Niko mwaka wa pili pale Mlimani. Nataka msaidizi wa kunisaidia kujisomea, lakini kila ninayemtengeneza ananiandikia kazi yote, nami mtihanini natoka mikono mitupu. Nifanyeje? – *Mwanafunzi, Ubungo*

Jibu: Mkataze kwa maandishi. Mwelekeze akuulize swali moja kwa wakati, asitoe jibu mpaka uwe umejaribu, na ukikosea akuoneshe hatua uliyoteleza badala ya kukufanyia hesabu nzima. Mwambie pia kwamba hata ukimbembeleza usiku wa kuamkia mtihani asilegeze masharti, ingawa nakuonya kwamba ukimsukuma sana atalegeza, maana anayetoa amri ni wewe mwenyewe.

Mpe muhtasari wa somo na notisi zako, umtake ataje ukurasa wa kila anachokueleza ili ukifungue mwenyewe. Angalia hapa: notisi nyingi zinazozunguka kwenye makundi ya darasa ni picha za daftari zilizobanwa kuwa faili moja, na mwandiko uliofifia huenda akausoma vibaya bila kukuambia. Mjaribu kwa kumtaka anakili aya moja neno kwa neno. Ikitoka kombo, chapa upya sehemu muhimu. Na akikutajia kitabu au makala ambayo hukumpa, usiyaweke kwenye kazi yako kabla hujayaona maktaba, kwani majina ya vitabu visivyokuwapo huyabuni vizuri sana.

Swali: Mimi ni karani katika ofisi moja mjini Posta. Naruhusiwa kumpa msaidizi wangu faili za wateja ili anifupishie? – *Karani, Ilala*

Jibu: Si kwa uamuzi wako peke yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na kompyuta zinazoendesha programu hizi kwa kawaida ziko nje. Muombe mkuu wako ruhusa kwa maandishi. Wakati unasubiri, mtengeneze msaidizi kwa barua za mfano ulizozitunga mwenyewe, ukiandika «Mteja A» na «Mteja B», bila namba za simu wala za NIDA. Muundo wa muhtasari atajifunza vilevile.