Geti lililokula M

Juzi kijana mmoja hapa ofisini kaniletea video ya dakika mbili niipitie kabla haijaenda kwa mteja. Nikafungua traki ya msimulizi, nikakuta plagini (programu ndogo za kurekebisha sauti) tisa. Tisa, kwa mama mmoja mwenye kuku anayeeleza chanjo yao! Kompresa mbili (za kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo), ikwalaiza tatu (za kupunguza au kuongeza besi na sauti kali), geti (linalofungia nje sauti ndogo), di-esa (ya kulainisha S kali), kidude cha kupanua stirio, na juu ya yote riverbu (mwangwi wa kutengeneza), "kidogo tu bro, isiwe kavu." Nikamuuliza alirekodi wapi. Sebuleni, pangaboi likizunguka, maana joto la Dar halina subira.

Sikumgombeza. Nilitoka nje nikanywa maji, kwa sababu zile tisa nazijua moja moja na machungu yake. Haya nayaandika kwa ajili yake na wenzake walioingia kazini mwaka huu. Programu za kuhariri video, Resolve na Premiere, mnazijua kuliko nilivyozijua mimi kwa umri wenu, kwa hiyo sitawaonyesha vitufe.

1. Zima pangaboi. Zima na friji, halafu weka funguo zako ndani ya hiyo friji ili usiondoke bila kuiwasha (mboga za watu zimewahi kuharibika kwa ajili ya sanaa). Simamisha godoro nyuma ya msomaji, tundika mablanketi mazito. Khanga peke yake ni pambo tu, haimezi mwangwi. Maiki iwe shibiri moja kutoka mdomoni, imekaa upande kidogo ili P zisiipige usoni. Rekodi na sekunde 10 za chumba bila mtu kusema, utazihitaji. Bodaboda ikipita, subiri ipite. Adhana ikianza, kunyweni chai. Plagini ya kumtoa muadhini usiitegemee, ukijaribu unaweza kubaki na msimulizi mwenye mafua.

2. Umeme wetu ni wa 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde). Wale jamaa wa Marekani mnaowatazama mtandaoni wana 60, na priseti zao (mipangilio iliyoandaliwa tayari) za kuondoa mvumo wa umeme zinakata 60, 120, 180, wakati wako umekaa 50, 100, 150 na unakucheka. Nimemwona mtu akibadilisha kebo tatu na kompyuta moja kabla hajabadilisha namba moja.

3. Geti. Hapa nivumilieni.

Nilikuwa na miaka miwili tu kwenye kazi hii na nilijiona nimeshafika. Chama kimoja cha akiba na mikopo kilitaka video ya dakika sita ya kufungulia mkutano mkuu wa mwaka. Msimulizi tuliyempata alikuwa mzee aliyestaafu utangazaji wa redio, mtu ambaye hata akikuomba chumvi unahisi unasomewa taarifa ya habari. Alikaa, akasoma kurasa zote mara moja, hakurudia sentensi, akachukua kofia yake akaondoka. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mvumo mdogo wa kiyoyozi. Mwenye akili angeuacha, muziki ungeufunika.

Mimi nilikuwa nimetoka kutazama mafunzo ya "sauti ya kistudio". Nikakata kila kitu chini ya 250 Hz, kwa kuwa jamaa wa mafunzo alisema huko kuna tope, yaani sauti nzito isiyo safi. Nikaweka geti, kizingiti (kiwango cha sauti cha kulifungua) desibeli −30, na ateki (kasi ya kufunguka) ya polepole ili lifunguke kwa ulaini. Baina ya sentensi kukawa kimya kama kaburini. Nikajipongeza na soda.

Sasa sikilizeni, maana jamaa yule hakuyatengeneza mafunzo yake akiwa na lugha yetu kichwani. Sisi tuna M inayosimama yenyewe, silabi nzima bila irabu: m-tu, m-ke, m-kopo. Mdomo umefumbwa, sauti inatokea puani, ni ndogo, na nguvu yake nyingi iko huko chini nilikokuwa nimeshafyeka. Geti linasubiri sauti ifikie kizingiti. M haifikii. K inafikia. Mlango unafunguka, M imeachwa nje.

Na chama kile kilikuwa na kaulimbiu, inayojirudia mara nne kwenye video, kila kipande baada ya kituo kirefu cha kitangazaji: "Mchango wako. Mtaji wako. Mkopo wako."

Sikusikia kitu. Skripti nilikuwa naijua kwa moyo, na sikio linalojua linajijazia lenyewe. Nilisikiliza zaidi ya mara ishirini kwenye hedifoni, nikarenda (nikaitoa video kamili), nikapeleka.

Ukumbini walijaa, wengi akina mama wa sokoni waliofunga biashara zao siku hiyo. Taa zikazimwa. Sauti ile nzito, yenye heshima zake, ikajaza ukumbi: "Chango wako. Taji wako. Kopo wako."

Mara ya kwanza ikawa minong'ono tu. Mara ya pili mama mmoja wa nyuma akauliza, "Kopo la chooni?" Mara ya tatu walikuwa wanaisubiri. Mara ya nne ukumbi mzima uliitikia, "Kopo wako!", watu wakapigana viganja. Mwenyekiti aliinamia makabrasha yake kana kwamba kuna hesabu imepotea humo. Na mzee wangu alikuwa amealikwa, amekaa mstari wa mbele na suti yake.

Alinikuta nje karibu na jenereta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mimi nimesema kopo?"

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Nikasema ni spika za ukumbi. Akanitazama, akasema redioni hakuwahi kula herufi ya mtu, akaenda kutafuta daladala. Nilikuwa na gari la ofisi, na sikupata uso wa kumwambia nimpeleke.

Usiku nikafungua mradi, nikazima plagini zote. M zilikuwepo, zimejaa, zimenyooka kama alivyozitamka. Kiyoyozi chenyewe chini ya muziki hata hukisikii. Kesho yake nilimfuata kwake na kompyuta, nikampigia rekodi ghafi. Alisikiliza amefumba macho hadi mwisho. "Huyu sasa ni mimi," akasema, akaagiza niletewe chai. Video niliirenda upya bure. Hakuna aliyeiomba.

Kwa hiyo: kata chini ya 80 Hz, na tumia ekspanda inayopunguza desibeli 6 hivi badala ya geti linalofunga kabisa, yenye kutazama mbele milisekunde chache ili ifunguke kabla neno halijaanza. Halafu pitia kila sentensi inayoanza na M au N, mkulima asije akawa kulima na nchi ikawa chi.

4. Mpangilio: safisha kelele kwanza, ikwalaiza, kompresa, di-esa, limita (inayozuia sauti isivuke kikomo) mwisho. Ukitanguliza kompresa unaipandisha kelele, kisha unahangaika kuifukuza kelele uliyoikaribisha mwenyewe. Rasio ya kompresa ya 3:1 (kila desibeli tatu zinazovuka kizingiti zinabaki moja) inatosha kwa msomaji wa kawaida. Di-esa itafute S yake kati ya 5 na 8 kHz (elfu za Hz), kwa masikio, maana kila mtu na meno yake.

5. Ukubwa wa sauti. YouTube inashusha video inayozidi takriban −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani), lakini iliyo ndogo haikupandishii. Kwa hiyo kupiga kelele hakukusaidii na kunong'ona kunakuponza. Kilele acha desibeli −1. Kituo cha TV kina kipimo chake, kiombe kwa maandishi. Ulaya wanatumia −23, na ukiwapelekea ya YouTube faili linarudi siku hiyo hiyo.

6. Zile plagini za akili mnemba zinazogeuza sauti ya chooni kuwa ya studio kwa kubofya mara moja. Natumia, sitadanganya. Zimeshaniokoa na mahojiano yaliyorekodiwa chini ya bati mvua ikinyesha. Ila usibonyeze halafu ukaenda kula. Zinapokosa sauti zinabuni, na mimi nimeshasikia ng'ombe akigeuka gombe. Zishushe hadi nusu, changanya na sauti halisi, sikiliza na skripti mkononi. Au bora zaidi, mpe mtu asiyeijua skripti asikilize kwenye simu, spika ya simu yenyewe, akuandikie anachosikia. Mimi namtumia dada wa mapokezi. Hajui kompresa ni nini na hajawahi kunikosea.

Hicho kidude cha kupanua stirio sikipi hata namba. Msimulizi ni mmoja, ana mdomo mmoja, mweke katikati. Kuna simu na spika za ukumbi zinazounganisha kushoto na kulia kuwa kitu kimoja, na hapo sauti iliyopanuliwa vibaya inaweza kupotea ukabaki na muziki tu.

Wewe wa chanjo ya kuku, mradi wako nimeurudisha kwenye foldu ya pamoja. Nimezima saba, nimeacha ikwalaiza moja na kompresa moja. Pangaboi bado linasikika kwenye sekunde ya 40, hilo sikuligusa. Mama mwenye kuku bado yupo Kigamboni, nenda ukarekodi tena asubuhi kabla jua halijapanda, na umwombe radhi.